Sikupata muda wa kazi za mikono mpaka nilipouwekea kikao

Mleta mada, nimelisoma swali lako mara mbili. Uko Njiro, kazi benki, watoto wawili, cherehani uliyoinunua kwa hamu imefunikwa shuka tangu mwaka juzi, na mzee wa nyumba anasema mambo ya kuchora na kushona yasubiri watoto wakue. Unauliza ulipie yale mafunzo ya kulala siku tatu uliyoona yakitangazwa, au ujiunge na akina mama wa mtaani kwenu wanaotengeneza batiki. Mimi niko Moshi, mtunza hesabu kwenye duka la jumla, nina watoto watatu, na huu ni mwaka wa saba niko kwenye kikundi cha batiki. Nakujibu kwa yaliyonikuta.

Nianze na muda. Miaka mingi nilijiambia nitachora nikipata nafasi, na nafasi haikuja hata siku moja. Lakini miaka hiyohiyo nilikuwa mjumbe wa kamati za harusi, kila Jumapili jioni kikao, tunatoka saa nne usiku, na sikuwahi kumwambia mtu kwamba sina muda. Kule kuna mwenyekiti, kuna daftari, kuna ahadi niliyoandikisha, na nisipoonekana simu inaita. Kwenye kuchora hakukuwa na mtu anayenisubiri. Siku nilipoliona hilo niliacha kutafuta muda, nikatafuta watu.

Tulianza sita, uani kwa mwenzetu mmoja Pasua. Fundi cherehani, muuguzi mstaafu, wawili wanaouza mitumba soko la Memorial, mwalimu, na mimi. Tukapanga Jumamosi ya pili na ya nne, saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni. Elfu tano kila kikao, na asiyetoa taarifa anatozwa faini elfu mbili, kama kikoba tu. Halafu tukaweka zamu ya watoto: kila kikao mmoja wetu hashiki brashi kabisa, analea watoto wa wote upande wa pili wa ua. Usilione hili kama jambo dogo. Kikundi kingine nilichowahi kuwamo kilikufa kwa sababu kila mama alikuja na mtoto wake mgongoni, na mkono mmoja ukawa unachora huku mwingine unamzuia mtoto asifike kwenye jiko.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokosea, hata mimi nilikosea. Kila kazi ya mikono ina saa zake. Kusuka ukili, kufuma, kutunga shanga, kushona kwa mkono, hizo unaweza kuzikata vipande: nusu saa leo, nusu saa kesho, hata ndani ya daladala. Batiki haikatiki hivyo. Unayeyusha nta, unachora pale ambapo hutaki rangi ishike, unachovya kitambaa, unaanika, unangoja kikauke kabisa, ndipo unapaka nta tena kulinda rangi ya kwanza na kuchovya ya pili. Ukitaka rangi tatu, unazunguka hivyo mara tatu, halafu unachemsha maji ya moto kutoa nta yote. Jumamosi moja, yaani saa nne za kazi, inatosha rangi moja, mbili ukikimbizana. Ndiyo maana mwaka wote wa kwanza vitambaa vyetu vilifanana. Vipaji tulikuwa navyo, ila kila mtu alichagua mchoro anaojua utaisha kabla ya giza.

Mwaka wa pili mwalimu akasema twende kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba, cha wazazi wake huko Mamba, jirani na Marangu, tulale siku mbili. Ijumaa jioni tukapanda gari hadi Marangu Mtoni na mabeseni yetu juu ya keria. Ilikuwa Julai, baridi kali na ukungu. Nta inapopoa kwenye baridi ile inakatika yenyewe ukikunja kitambaa kidogo tu, rangi inapenya kwenye nyufa na kuacha mishipa myembamba kama ya jani. Mjini kwenye joto la Februari mishipa hiyo tunaitafuta kwa kuchanganya parafini nyingi, ile nta ya mishumaa, na nta ya nyuki kidogo, maana parafini ndiyo inayovunjika upesi na ya nyuki inalainika. Kule milimani baridi ilitufanyia kazi.

Lakini vitambaa havikukauka. Jumamosi saa tatu asubuhi tulikuwa tumemaliza rangi ya kwanza, tukavitundika chini ya paa la jiko, na hadi saa saba mchana bado vilikuwa na unyevu. Hakuna cha kufanya. Hakuna nguo za kufua, hakuna duka, hakuna mtoto wa kuogesha. Nilianza kuhangaika, nikataka hata kufagia ua wa watu. Muuguzi wetu akachana mfuko wa saruji, akaokota kipande cha mkaa, akakaa chini akachora jani la mgomba lililochanwa na upepo. Akachora tena. Lile la nane au la tisa halikuwa jani tena, lilikuwa mistari minane iliyoinama upande mmoja, na mpaka leo ukiona kitambaa chenye mistari ile ujue ni cha kwetu. Mimi nilikwenda kukaa kando ya mfongo, mfereji wa maji, unaopita chini ya migomba, nikatazama maji yanavyojikunja kwenye jiwe. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, na sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo kutazama kitu kwa saa nzima bila mtu kuniita. Alasiri mwalimu akatupeleka kwa wahunzi, maana Mamba ina wahunzi wa miaka na miaka, na mmoja akatukunjia kipande cha chuma kikawa chapa ya kugongea nta. Tunaitumia hadi leo.

Kwa hiyo usichague kimoja. Kikundi cha mtaani kinakupa mkono, kwa sababu unarudia kila baada ya wiki mbili. Siku mbili za kulala mbali zinakupa jicho, na mtu aliyekwenda kulala bila kikundi cha kurudia nyumbani akimaliza wiki amesahau.

Kuhusu hayo ya kulipia, kuwa makini. Niliwahi kulipa pesa nyingi kwa mafunzo ya siku tatu, sitataja waandaaji. Tulipewa fulana na mkoba, tukasikiliza hotuba kuhusu kujitambua, tukapigwa picha nyingi sana. Kwa siku zote tatu nilishika nta kama saa mbili. Nilirudi nimechoka na nina uchungu, kwa sababu zile zilikuwa siku zangu za likizo. Kabla hujalipa uliza maswali haya: tutakuwa wangapi kwa jiko moja, nitatengeneza vitambaa vingapi mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mchana wa pili kuna nini kwenye ratiba? Wakikujibu kwamba mchana wa pili kuna mada nne, baki nyumbani. Mchana wa pili unatakiwa uwe mtupu.

Mengine ya usalama nayasema haraka, ila yashike. Nta ikitoa moshi imeshapita kiasi, ipua. Ikiwaka usimwagie maji kamwe, yatairusha nta yenye moto. Sisi ilituwakia mwaka wa kwanza, mimi nikakimbilia ndoo, muuguzi akanivuta na kufunika sufuria kwa sinia, moto ukazima palepale. Kostiki soda ya kuchanganyia rangi unaitia ndani ya maji, humimini maji juu yake, na glovu ni lazima. Usiitie kwenye sufuria zetu hizi za alumini, inazila. Tumia beseni la plastiki. Maji yaliyobaki ya rangi usiyamwage kwenye mfongo wala mtaro, watu wa chini wanayategemea. Kule Mamba tulichimba shimo mbali, na mwenye kihamba alikuja kulikagua mwenyewe, akafanya vizuri.

Mzee huyohuyo alituuliza kama kazi hii ni ya kwetu kweli. Mwalimu akamweleza kwamba ufundi huu ni maarufu zaidi Indonesia, hasa Java, na neno lenyewe ni la huko. Mwaka 2009 UNESCO iliiingiza batiki ya Indonesia kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Mzee akakitazama kitambaa cha muuguzi, akasema, "Jani lenyewe ni la hapa."

Kuhusu mume, dada yangu, usimbishie kwa maneno. Wa kwangu alinuna karibu mwaka mzima. Nilichofanya ni kumpa tarehe zote za miezi mitatu mapema, kama ninavyompa tarehe za vikao vya ukoo, na nikazishika. Chakula cha Jumamosi hizo ni zamu yake na binti yetu mkubwa. Aliponiona narudi saa kumi na mbili na nusu kila mara nilipomwambia, maneno yalipungua. Kitambaa cha kwanza cha Mamba kiko dirishani sebuleni, na wageni wakija yeye ndiye anayewaonyesha ile mishipa ya baridi.

Kuuza? Tunauza kidogo, baada ya mwaka wa tatu. Msianze na kuuza, mtaanza kuchora anachotaka mteja kabla hamjajua mnachotaka ninyi.

Mkipanga safari yenu, ukiwa Arusha hata kwa ndugu huko Tengeru panatosha, si lazima mje huku kwetu. Epukeni masika na epukeni Desemba, Desemba watu wote wako kwenye harusi na kipaimara. Beba soksi nzito, khanga mbili za zamani usizozionea huruma, mkaa wa kutosha siku mbili, na mifuko mitupu ya saruji kwa ajili ya mchana wa pili.