Mshairi wa Maji Maji: naruhusiwa kumtia maneno mdomoni?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Lindi mjini. Naandika riwaya ya kihistoria kuhusu Abdul Karim bin Jamaliddini, mshairi wa Lindi aliyetunga Utenzi wa Vita vya Maji Maji. Tarehe za vita ninazo, ila maisha yake ya nyumbani yameandikwa kidogo mno. Naruhusiwa kumtungia mazungumzo? Na sura ya kwanza niliyokutumia, yuko Nandete watu waking'oa pamba, unaionaje?

JIBU: Mwalimu, mtungie bila woga. Riwaya isiyo na mazungumzo hugeuka ripoti. Mpaka ni mmoja tu: ziba pengo, usipingane na kumbukumbu. Alivyoposa, alivyogombana na jirani, hayo ni yako. Lakini Kinjikitile, mganga aliyegawa dawa ya maji, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, nawe usimwongezee hata siku moja kwa sababu sura inamhitaji.

Sura yenyewe ndiyo inayonipa shida. Umempeleka mshairi mpaka Nandete, huko Umatumbi, Julai 1905, ili tu ashuhudie vita vikianza. Mrudishe Lindi. Habari zimfikie vipandevipande: mpagazi aseme hivi, mchuuzi aseme vile, na boma la Wajerumani la Liwale likishaanguka mwezi Agosti, wakimbizi waje na hadithi zisizolingana. Hapo tutamwona akipima lipi aliingize kwenye ubeti na lipi aliache, na hicho ndicho kisa cha mwandishi. Mapigano kila mtu anaweza kuyaeleza.

Mwonyeshe pia akiwa kazini. Ubeti wa utenzi una mishororo minne, kila mmoja mizani, yaani silabi, nane; mitatu ya kwanza ina kina kimoja, wa nne unabeba kina cha bahari kinachokwenda hadi tamati. Mkalishe usiku na mshororo wa nne uliogoma. Ahesabu mizani kwa vidole, apate neno linalotimiza kina lakini halisemi kweli, alikate, aanze upya. Mpe kurasa tatu nzima kwa hilo. Nakuhakikishia msomaji hatachoka.

Beti zake zinukuu kama zilivyo. Toleo la mwaka 1957, lenye tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley, litakufaa. Kumtungia beti mpya na kuzitia jina lake nakukataza kabisa: mazungumzo ya riwaya msomaji anajua ni ya kubuni, ubeti ataukariri akiamini ni wa marehemu.

Kitu kidogo, lakini wazee watakikamata: mwaka 1903 umemfanya alipe karatasi kwa heller. Sarafu hiyo ilianza 1904, rupia moja kwa heller 100. Kabla yake rupia ilikuwa sarafu 64 zilizoitwa pesa. Rekebisha.

Kwa lugha ya watu wa bara, tafuta simulizi zilizokusanywa na mradi wa Maji Maji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1968. Mwisho wa kitabu weka ukurasa mmoja wa maelezo ya mwandishi, useme wahusika gani waliishi kweli na gani umewabuni. Katikati ya sura usifafanue chochote.