Kabla hujachora matawi, fua shati

Katika mtihani wangu wa kwanza wa sintaksia, yaani taaluma ya muundo wa sentensi, nilichora matawi (mchoro unaoonyesha maneno yanavyoungana katika sentensi) mazuri kweli, mistari imenyooka kwa rula, nikapata nusu ya alama. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: "Nilimwona mwalimu wa mtoto mgonjwa." Ugonjwa nilimpachika mtoto nikasonga mbele, wala sikujiuliza kama mgonjwa anaweza kuwa mwalimu. Sentensi ile ina miundo miwili, na swali lilitaka yote miwili.

Siku hizi anayeniuliza aanzie wapi kujifunza sarufi zalishi, ile inayotafuta kanuni zinazozalisha sentensi za lugha, namwambia aweke rula chini, achukue shati.

Linganisha "shati la mtoto chafu" na "shati la mtoto mchafu". Kilichoongezeka ni m- tu. Katika tungo ya kwanza uchafu ni wa shati, ingawa "chafu" limekaa ubavuni mwa "mtoto". Kivumishi kimemruka jirani yake kikapatana na neno la mbali. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo mihadhara ilikuwa imenipita nalo: maneno hayakutungwa kama shanga kwenye uzi. Yanajikusanya katika virai, yaani vikundi vya maneno yanayokwenda pamoja, kirai ndani ya kirai, na kila kirai kina neno kuu lake. Katika tungo ya pili, "mtoto mchafu" ni kirai nomino kilichomo ndani ya kirai nomino kikubwa ambacho neno lake kuu ni "shati".

Huniamini? Hamisha: "Shati la mtoto mchafu, nimelifua." Kirai kizima kimekwenda mbele, na li- kwenye kitenzi inashuhudia kwamba mkuu ni shati (mtoto kabaki na uchafu wake). Sasa jaribu kumhamisha "mtoto mchafu" peke yake uache "nimefua shati la". Haiwezekani. Au weka "hilo" mahali pa kirai kizima: "Nimefua hilo." Majaribio haya mawili, kuhamisha na kubadilisha, yanakuonyesha mipaka ya virai kabla penseli haijagusa karatasi. Bila hayo mchoro ni pambo.

Na yule mwalimu? Yeye na mtoto ni wa ngeli moja, kwa hiyo upatanisho hauna la kutuambia, na utata unabaki.

Istilahi zisikutishe, lakini usizikariri bila kutazama mwaka. Mwanaisimu Mmarekani Noam Chomsky alianzisha mkondo huu wa sarufi zalishi mwaka 1957. Dhana ya muundo wa ndani (umbo la msingi la sentensi) na muundo wa nje (umbo linalotamkwa) ilipata umbo lake maarufu mwaka 1965, na kufikia 1995, katika mkabala wake wa uchache (Minimalist Program), yeye mwenyewe alikuwa ameziweka kando ngazi hizo mbili. Nimewaona wanafunzi wakizitetea kama amri ya mbinguni.

Jambo lililonisumbua zaidi ni ile alama ya Ø, inayoonyesha nafasi isiyo na neno linalosikika. Katika "Walicheka" tuliandika KN (Ø) + KT, yaani kirai nomino kitupu na kirai kitenzi, nami nikidhani ni uvivu wa mwalimu, maana kiima si hicho "wa-"? Lakini sema "Wanafunzi walicheka": nomino imekuja na wa- haikuondoka. Basi hapo wa- ni upatanisho, na kiima ni kirai kingine, kiwe kinasikika au hakisikiki. Mjadala haujaishia hapo. Mwaka 1987 wanaisimu Joan Bresnan na Sam Mchombo walichambua Kichewa, lugha ya Kibantu ya Malawi, wakaeleza kwamba kiambishi cha kiima kinaweza kufanya kazi zote mbili, mara upatanisho, mara kiwakilishi. Ukisoma hoja yao ukiwa na mifano ya Kiswahili mkononi utafaidi kuliko kunakili michoro kumi.

Ukishaizoea Ø, chora hii: "Nyumbani kumeingia wageni." Wageni ndio walioingia, ila kitenzi kinapatana na nyumbani. Mimi naweka "nyumbani" kwenye nafasi ya kiima, na rafiki yangu mmoja hadi leo hakubali.