Laini ya Kenya ukivuka Busia

Dada, umeuliza kama laini unayotumia Kisumu itafanya kazi ukienda Kampala kwa wiki mbili. Itafanya kazi, mradi uwashe huduma ya kutumia laini nje ya nchi ungali nyumbani, lakini uizimie data, kwani programu hujisasisha zenyewe na kumaliza salio simu ikiwa mkobani. Kwa intaneti, nunua laini ya Uganda (beba pasipoti ya kuisajilia) uiweke kwenye nafasi ya pili; ile ya Kenya usiitoe, maana ujumbe wa benki na wa M-Pesa hupitia humo. Pale Busia, hata kabla ya kuvuka, simu huweza kunasa minara ya Uganda, kwa hiyo chagua mtandao mwenyewe kwenye mipangilio. Mimi nilisahau, nikalipia usahaulifu huo.