Mwenza ni nani? Kuuliza mambo ya chumbani katika utafiti wa afya Unguja na Pemba

Madodoso mengi ya afya ya ngono yanayofika Zanzibar yameshaandikwa kwengine, na kosa la kwanza limo ndani ya neno "mwenza". Aliyeliandika amekusudia mtu unayekutana naye kimwili. Bibi wa Micheweni aliyeolewa uke wenza, yeye anamsikia mke mwenziwe. Muulize "una wenza wangapi?" atakwambia "mmoja", na amesema kweli: mumewe ana mke mwengine. Wewe unaandika kwamba ana mwanamme mmoja. Hilo halionekani tena mbele ya kompyuta, maana "mmoja" ni jibu zuri tu. Uliza waziwazi: mume kwanza, kisha "mwanamme mwengine yeyote asiyekuwa mumeo".

"Tendo la ndoa" nalo ni la adabu, lakini msichana asiyeolewa akijibu "hapana" hajadanganya, hana ndoa. Kwa watu wazima neno "jimai" linafaa kuliko tunavyodhani. Wamelisikia kwenye chuo cha Kurani, katika mafunzo ya tohara (usafi wa ibada) na josho la janaba, likisomwa bila ya kuona haya. Kwa vijana tumia "kukutana kimwili", na muulizaji awe na maelezo yaliyoandikwa mapema, asijitungie papo hapo.

Neno baya kuliko yote ni "magonjwa ya zinaa". Mwanamke wa ndoa akiulizwa kama amewahi kuugua ugonjwa wa zinaa, anachosikia ni tuhuma. Atakanusha, na ana haki. Uliza dalili moja moja: utoko uliobadilika rangi au harufu, kidonda, kuwashwa, kukojoa kwa maumivu, maumivu chini ya kitovu, damu baada ya jimai. Hata hivyo dalili peke yake hazitoshi, kwani wanawake wengi wenye klamidia, mojawapo ya magonjwa hayo, hawahisi chochote. Bila ya kipimo unahesabu malalamiko tu.

Kabla ya kuanza, jaribu kila swali kwa watu 8 au 10 wa kila jinsia, na umwambie kila mmoja: "Nieleze umelifahamu vipi." Fanya hivyo mjini, Makunduchi na Pemba mbali mbali, kwa sababu maneno ya mwili hubadilika kutoka mahali hadi mahali. Kuhusu muda, "miezi 3 iliyopita" haimshiki mtu. "Tangu Maulidi" au "tangu Idi ya Mfungo Tatu" inamshika. Kumbuka tu kwamba mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku 10 au 11, kwa hiyo alama ya wakati iliyotumika mwaka jana haifai mwaka huu mpaka uihesabu upya.

Idhini ya maadili ichukuliwe Zanzibar kwenyewe. Afya si jambo la Muungano, na kibali cha bara peke yake hakikufikishi kwenye shehia, eneo la chini la utawala linaloongozwa na sheha. Kwa sheha utakwenda na barua, utapiga hodi, utamweleza kazi kwa ukamilifu. Halafu mshukuru na umuombe abaki nyumbani. Akikupa orodha ya watu, utapata jamaa zake na wanaomuogopa. Chagua watu mwenyewe kwa bahati nasibu kutoka daftari la kaya. Akikaa kwenye baraza wakati wa mahojiano, jua kwamba majibu yote ni yake. Asiyejua kuandika huweka dole gumba mbele ya shahidi, na shahidi huyo achaguliwe na mshiriki. Kadi anayoondoka nayo iwe na namba tu, isiandikwe jina la utafiti wala la ugonjwa.

Mwanamke aulizwe na mwanamke, na asiwe wa shehia ile ile. Uani kunaonekana faragha, lakini wifi anapita na ndoo na mtoto anatumwa chumvi. Chumba cha kituo cha afya siku isiyokuwa na kliniki ni bora. Kwa maswali mazito zaidi, mshiriki asikilize kwa hedifoni na abonyeze rangi ya jibu lake kwenye skrini, muulizaji akiwa amempa mgongo.

Sampuli ndiko kazi nyingi huharibika, na chanzo huwa kikombe kimoja kutumika kwa mambo mawili. Kwa klamidia na kisonono unataka mkojo wa mwanzo kabisa, mililita 20 hadi 30, mtu akiwa hajakojoa kwa saa 1 angalau na hajajiosha kabla. Kwa kichocho, ambacho dalili zake kwa mwanamke hufanana na za maambukizi ya ngono, unataka matone ya mwisho, kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwani wakati huo mayai hutoka kwa wingi. Mililita 10 huchujwa na kutazamwa kwa hadubini. Toa vikombe viwili vyenye rangi mbili na ueleze kwa nini. Kwa mwanamke, pamba ya ukeni (iliyo kwenye kijiti) anayojichukulia mwenyewe hushinda mkojo kwa klamidia: aiingize kiasi cha sentimita 5, aizungushe sekunde 10 hadi 30, kisha iende moja kwa moja kwenye kichupa.

Weka maji na kopo la kuchambia chooni, na glavu. Watu wanaogopa najisi kwenye nguo kabla ya Adhuhuri, na hofu hiyo ikidharauliwa kikombe hurudi kitupu. Ramadhani usikusanye mkojo mchana. Watu hawajanywa maji, na swali la kama mtu amefunga leo linafichua hedhi yake. Siku za bamvua maji yakitoka asubuhi, kina mama wa mwani wako pwani saa zile zile unazotaka mkojo wa kichocho. Tazama mwezi kabla ya kupanga ratiba.

Kichocho tunakisisitiza kwa makusudi. Mayai yake hukwama kwenye shingo ya kizazi na ukeni, na mwanamke akapata utoko, maumivu na damu baada ya jimai, kama mwenye maambukizi ya ngono. Anapewa antibaotiki mara tatu, nne, hazimfai kitu, na nyumbani mume anaanza kumshuku. Kumbe mwanzo wake ni kufua kwenye ziwa alipokuwa mtoto. Ongeza swali hili: "Ulikuwa ukifua, ukioga au ukivuka kwenye ziwa au mto gani?" Dawa ni praziquantel, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, na ni vyema ale kitu kabla. Inaua minyoo, lakini madoa yaliyokwisha kujengeka ukeni huenda yakabaki, na hilo aambiwe mapema asije akadhani dawa imeshindwa.

Majibu apewe mwenyewe, kwa namba yake, siku aliyoichagua. Akiwa na klamidia, mume naye atibiwe, na wasikutane mpaka siku 7 zipite na wote wawili wamalize dawa. Muulize anataka mumewe aambiwe na nani: yeye mwenyewe, au mhudumu wa kiume kituoni. Mkubaliane na maneno yatakayotumika, neno kwa neno, kabla hajatoka mlangoni.