Wadogo wangu wa ekonomi, muulize kwanza kama feza iko mu mukono ao mu karatasi

Wadogo, mwenye mumemaliza ekonomi hapa Bukavu na munatafuta kuingia benki kuu, serikali ao kufundisha, mimi nimepita fasi zote tatu. Wakikupa namba, uliza kama ile feza mutu alishaipokea ao imeandikwa tu.

Hiyo nilijifunza kwa uchungu. Nilikuwa natayarisha bajeti ya jimbo fulani, nikafungua Katiba ya 2006, kifungu cha 175, kinasema jimbo linabakia na 40% ya mapato ya taifa, inakatwa palepale inakusanywa, basi nikaandika ile 40% yote kama mapato. Kumbe feza inapanda Kinshasa kwanza, na yenye inarudi haifiki hapo. Mwaka ukaisha bila daraja yenye nilimuahidia mama mumoja wa kwetu, kila siku ya Mungu alikuwa ananiuliza, nakosa la kumujibu. Sasa mbele ya kufungua sheria naangalia miaka mitatu ya nyuma kweli iliingia ngapi. Na kwa matumizi, ujue hatua nne: kufunga ahadi ya matumizi, kuhakikisha deni, amri ya kulipa, malipo yenyewe. Raporti inaweza sema kazi imeenda vizuri wakati mufanyakazi amekwama kwa amri ya kulipa na hajaona hata franka moja!

Benki kuu ni ingine. Mwezi wa nane 2023 ilipandisha riba yake, yenye inakopeshea mabenki, kutoka 11% mupaka 25%, na kwa vitabu bei inapaswa kutulia. Lakini akiba na mikopo ya benki zetu sehemu kubwa iko mu dola, riba ya franka inagusa watu kidogo. Mama wa soko ya Kadutu, hapa Bukavu, anauliza dola imeamka ngapi, njo anapanga bei ya bunga. Musimulaumu. Wazazi wetu waliona 1993 zaire milioni 3 zinageuka zaire mupya moja, tena 1998 zaire mupya 100,000 zinageuka franka moja, mutu wa hivyo hawezi rudisha imani juu ya tangazo. Na ukifanya kule, funga kinywa hata nyumbani: benki ikitaka kuuza dola na habari itoke mbele, wenye kubadilisha feza wanawahi.

Kufundisha, mushahara unachelewa, lakini unapata muda ya kuangalia vizuri. Natuma wanafunzi sokoni kila juma kuandika bei za vitu vilevile. Mwanafunzi mumoja akaniambia, "Profesa, bei haijapanda lakini kile kipimo hakijai tena kama zamani." Ilikuwa kweli, mama anaacha bei ileile anapunguza kilele ya maharagi, na sisi tulikuwa tunaandika kwamba hakuna kitu imebadilika. Tangu ile siku tunaenda Kadutu na mizani.