Maji ya kisima chetu ni maangavu, mbona meno ya mtoto yana madoa?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Ninaishi Usa River, Arumeru. Tulichimba kisima kirefu miaka michache iliyopita. Maji yake ni maangavu, hayana harufu, na sabuni inatoa povu zuri sana. Ya kunywa tunachemsha kila siku. Lakini mtoto wetu wa miaka minane meno ya mbele yameota na madoa ya kahawia, na mdogo wake ana miaka miwili. Kisima hichohicho kinahudumia kiwanda chetu kidogo cha mtindi, na huko mabomba ya kurudisha maji kwenye boila yanatoboka kila mara ingawa fundi alitufungia sumaku. Sasa amekuja muuzaji wa mashine ya kuchuja. Alitumbukiza vyuma vyake kwenye glasi ya maji yetu, yakageuka matope ya kahawia mbele ya macho yangu, ya kwake yakabaki meupe. Anataka shilingi milioni mbili na nusu. Nimpe?

JIBU: Marahaba, mama. Usimpe, walau si kabla hujapeleka maji maabara. Naanza na hayo matope, maana maonyesho hayo yamezunguka mikoa ya kaskazini yote na hakuna kitu kinachonikera zaidi katika kazi hii.

Kifaa kile kina fito mbilimbili, moja ya chuma na nyingine ya alumini. Akikiwasha, umeme unapita majini kutoka fito hadi fito, na ile ya chuma inaanza kulika. Kahawia uliyoiona ni kutu ya fito yake mwenyewe, haikutoka kisimani kwako. Glasi yake ilibaki nyeupe kwa sababu maji yaliyopitia mashine yake hayana chumvichumvi za kutosha kupitisha umeme. Akirudi, mkaribishe vizuri, kisha mwombe arudie, ila safari hii wewe mwenyewe utie chumvi ya mezani kidogo, ya kushika kwa vidole viwili, kwenye glasi yake. Utaona itakavyochafuka. Kama matope yale ni ushahidi wa sumu, basi na chumvi tunayotia kwenye mboga ni sumu.

Wengine hawaji na fito, wanakuja na kalamu inayoonyesha namba ya TDS. Kalamu ile inapima jinsi maji yanavyopitisha umeme na kukadiria jumla ya chumvi zilizoyeyuka. Haijui ni chumvi ipi. Maji yenye kalsiamu nyingi yanaweza kusoma 400 na yakawa mazuri kwa kunywa, na maji yenye floraidi, madini ambayo yakizidi huharibu meno na mifupa, yakasoma chini ya hapo. Bakteria haiwaoni kabisa. Maji ya mvua yaliyopita juu ya bati lenye kinyesi cha ndege yatasoma namba ndogo ya kupendeza, na yatakuharisha.

Sasa maji yako. Kwa dalili ulizozitaja, nashuku floraidi, na nitashangaa maabara ikisema vinginevyo. Nchi yote inayouzunguka Mlima Meru imekaa juu ya miamba na majivu ya volkano, na maji yanayopita humo hubeba floraidi. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hadi miligramu 4, kwa kuwa kuna sehemu ambako watu wangekosa maji kabisa, na kuna visima Arumeru vinavyopita hata kiwango hicho.

Lile povu zuri la sabuni ndilo lililonishtua kwenye barua yako. Kalsiamu ikiwa nyingi majini hushikana na floraidi na kuishusha chini, na kalsiamu hiyohiyo ndiyo inayokataza sabuni kutoa povu. Maji ya volkano ya kwetu yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, kwa hiyo sabuni inatoa povu upesi na floraidi inabaki huru majini. Sifa inayomfurahisha mama anayefua ndiyo inayonitia mimi wasiwasi.

Na hapa ndipo penye kosa ninalokutana nalo kila siku, kwa wasomi na wasiosoma: kwamba maji yakichemshwa yameshakuwa salama. Kuchemsha kunaua vijidudu, na kwa kazi hiyo hakuna anayekupinga. Yaache yatokote dakika moja kamili, au tatu ukiwa juu mlimani, yatosha. Lakini floraidi haifi, kwa kuwa haijawahi kuwa hai. Haipandi na mvuke pia. Mvuke unaondoka, floraidi inabaki sufuriani. Ukichemsha lita 10 zenye miligramu 5 kwa lita mpaka zikabaki lita 9, unachowapa watoto kina karibu miligramu 5.6 kwa lita. Nitrati, zile zinazotoka kwenye vyoo vya shimo na mbolea, nazo hufanya vivyo hivyo. Nawafahamu akina mama wanaochemsha kwa muda mrefu wakiamini wanazidisha usalama, na kuni zinateketea bure.

Klorini nayo ni kwa vijidudu tu. Mtungi wa udongo unapoza. Kuanika chupa juani kwa muda wa saa sita kunasaidia dhidi ya vijidudu endapo maji ni maangavu, na mbegu za mlonge zinatuliza matope, lakini vyote viwili havigusi floraidi. Shabu peke yake, kwa kiasi kile cha kusafishia tope, inapunguza kidogo sana. Kuna njia ya Wahindi, ya Nalgonda, inayotumia shabu nyingi pamoja na chokaa, lakini kipimo chake hupangwa baada ya maji kupimwa, na ukikosea unabakiza alumini na salfeti kwenye maji ya kunywa. Asikudanganye mtu kwamba unaweza kukisia kwa kijiko. Ile sumaku kwenye bomba ifungue ukaibandike mlango wa friji, maana floraidi haivutwi na sumaku.

Kuhusu mtoto mkubwa, madoa hayo yalijengeka wakati meno ya utu uzima yakiwa bado ndani ya fizi. Kubadilisha maji leo hakutayafuta, na dawa ya meno inayouzwa stendi kwa ahadi ya kung'arisha inaweza kukwangua gamba la juu la jino ikamwongezea tatizo. Mpeleke kwa daktari wa meno aliyesomea, kuna namna za kuyasitiri. Anayenipa haraka ni huyu wa miaka miwili. Meno yake ya mbele ya utu uzima yanajengwa sasa hivi, wakati mnajadili bei ya mashine. Uji wake, chai yake, maji yake ya kunywa, vyote viache kutoka kisimani kuanzia wiki hii. Kwa wenye wachanga: maziwa ya mama yana floraidi kidogo mno hata kama mama anakunywa maji hayo, lakini maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji ya kisima yanayo yote.

Halafu angalia jikoni kama mnatia magadi kwenye maharage au makande ili yaive upesi. Magadi yanayochotwa Ziwa Natron na kandokando yake yanaweza kuwa na floraidi nyingi sana. Nimeona familia zilizobadilisha maji na kuendelea na magadi, kisha zikalalamika kwamba ushauri haukusaidia.

Mtapata wapi maji mengine? Juu ya bati lenu. Mvua haina floraidi ya kutaja. Familia ya watu watano, kwa kunywa na kupika tu, inatosheka na lita 25 kwa siku. Kiangazi cha siku 150 kinahitaji lita 3,750, kwa hiyo simtanki moja la lita 5,000 lililojaa wakati wa masika linawavusha. Maji ya dakika za mwanzo za kila mvua yaachieni yamwagike yaoshe bati, funikeni tanki, na hayo ya tanki ndiyo ya kuchemsha au kutia klorini. Kufua, kuoga na kumwagilia maua, endeleeni na kisima bila hofu. Kuchuja maji ya kudekia nyumba ni kupoteza fedha.

Kama mvua haitoshi, kuna mkaa wa mifupa ya ng'ombe, uliofanyiwa utafiti mrefu hapohapo Arumeru katika kituo cha Ngurdoto, na ambao Jimbo Katoliki la Nakuru, Kenya, limeusambaza kwenye kaya na shule. Unafanya kazi vizuri, ila una mwisho. Ukishajaa floraidi, maji yanapita kama yalivyoingia, na kwa macho hutaona tofauti yoyote. Anayekuuzia chujio la mkaa wa mifupa bila kukupa ratiba ya kupima maji yanayotoka amekuuzia nusu ya bidhaa.

Kiwandani mambo ni mengine. Maji ya kwetu yana bikaboneti nyingi, aina ya chumvi iliyoyeyuka majini. Ndani ya boila, kwa joto lile, inavunjika na kutoa gesi ya kaboni dioksidi, gesi inasafiri na mvuke, na mvuke unapopoa na kurudi kuwa maji, gesi inayafanya kuwa na tindikali inayokula bomba kutoka ndani. Huenda ndiyo matundu yako. Fundi akikuambia ununue mashine ya kulainisha maji, ile inayotumia chumvi ya mawe, mkatalie mpaka maabara ipime ugumu, kwa sababu mashine hiyo inaondoa kalsiamu na magnesiamu, vitu ambavyo maji yako huenda hayana. Bikaboneti itaiacha, floraidi itaiacha. Waambie maabara wapime pia silika, madini yaleyale ya mchanga na kioo, kwa kuwa maji ya volkano huwa nayo, na ikiganda kwenye bomba za boila inakuwa ngumu kama kioo.

Kwa hiyo inawezekana mashine ya utando, ile wanayoiita RO, inayosukuma maji yapite kwenye utando mwembamba, ikawafaa kwa boila na kwa maji ya kunywa pia, kwa kuwa inaondoa sehemu kubwa ya floraidi na bikaboneti. Kama ni hivyo, utainunua kwa sababu majibu ya maabara yamesema, kwa ukubwa uliokokotolewa kwa matumizi yako, na ukijua kwamba mashine ndogo humwaga lita kadhaa kwa kila lita moja inayosafisha. Hayo yanayomwagwa yamejaa floraidi iliyokolezwa. Wasinyweshwe ndama.

Na pale kwenye mtindi, usisahau vijidudu kwa kuhangaika na madini. Maziwa yaliyopashwa joto vizuri yanaharibiwa na ndoo iliyosuuzwa kwa maji mabichi baada ya kupashwa. Maji ya kusuuzia vyombo vinavyogusa maziwa yaliyoiva yatiwe klorini kwa kipimo na kusubiri nusu saa.

Namna ya kupeleka sampuli: ya madini weka kwenye chupa safi ya plastiki, usitumie ya kioo, kwa sababu floraidi inaweza kushikana na kioo. Ya bakteria omba chupa maalumu maabara, ijaze baada ya kuacha bomba litiririke, iweke kwenye boksi la barafu na uifikishe siku hiyohiyo, ikiwezekana ndani ya saa sita. Wizara ya Maji ina maabara ya ubora wa maji Arusha. Taja unachotaka: floraidi, nitrati, pH, alkali, ugumu, silika, bakteria. Ukisema tu "nipimieni maji", unaweza kurudishiwa karatasi isiyo na floraidi.

Tabia hii ya kuamini macho imeumiza watu wengi kuliko sisi. Bangladesh, kuanzia miaka ya 1970, vijiji vilichimbiwa visima vya bomba kuwaokoa watu na kuhara kwa maji ya madimbwi. Maji yalitoka maangavu. Hakuna aliyepima aseniki, sumu ya asili inayotoka ardhini, na ilipokuja kutambuliwa katika miaka ya 1990, mamilioni walikuwa wameshayanywa kwa miaka. Flint, Michigan, kule Marekani, mji ulihamishiwa maji ya mto mnamo Aprili 2014. Wakazi walilalamikia rangi na harufu, wakaambiwa ni salama. Oktoba ya mwaka huohuo kiwanda cha injini cha General Motors kikaacha kuyatumia kwa sababu yalikuwa yanakula vipuri. Watoto waliendelea kuyanywa, na madini ya risasi yaliyotoka kwenye mabomba ndani yake, kwa mwaka mzima mwingine. Kiwanda kilikuwa na mtu wa kupima na hasara ya kuonyesha. Nyumba hazikuwa na hata kimoja kati ya hivyo.

Nawaomba wenyeviti wa kamati za maji, wachungaji, mashehe na walimu wakuu wanaopokea visima vya msaada: msipokee funguo za pampu kabla ya cheti cha maabara chenye floraidi na nitrati. Wauzaji wa mashine nao waonyeshwe mlango mpaka wakubali sampuli mbili, ya kabla na ya baada ya mashine, mkazichukue wenyewe na kuzipeleka wenyewe. Na cheti kiwe cha kisima hichohicho. Huku kwetu visima viwili vya majirani, shamba kwa shamba, vinaweza kutoa majibu yasiyofanana hata kidogo.