Mnaokimbilia kufomati, njooni hapa kidogo

Juzi dogo mmoja kapokea laptopu iliyozimika katikati ya kupigwa Windows. Luku iliisha, na betri yenyewe pambo tu. Inawaka, inaandika "No bootable device", inaishia hapo. Dakika mbili nyingi, dogo keshachomeka flashi na kidole kiko kwenye Format. Nikamshika mkono. Nilijiona mimi wa zamani, na sikupenda nilichokiona.

1. Chomoa flashi kwanza. Msicheke. Kuna mtu alilaani mashine siku nzima kwamba Windows inajirudia, kumbe kila ikiwashwa inabuti kwenye flashi na kuanza upya.

2. Mashine inayobuti kwa UEFI (mtindo mpya) inaenda na diski iliyogawanywa kwa GPT, ya Legacy (mtindo wa zamani) na ya MBR. Angalia diski ikoje kabla hujagusa Rufus, ile programu ya kutengeneza flashi ya Windows.

3. Setapu haioni diski? Usimwambie mteja imekufa: mashine za prosesa ya Intel ya kizazi cha 11 kuja juu, nyingi zinadai draiva ya VMD, kidhibiti cha diski cha Intel.

4. Diskpart, zana ya Windows ya kugawa na kufuta diski kwa amri. Hapa nivumilieni.

Nikiwa bado mchanga kwenye ufundi, mpiga picha za harusi aliniletea mashine ya diski mbili: SSD ya GB 240 yenye Windows, na HDD ya tera moja yenye kazi zake. Windows imekwama njiani, haibuti. Mimi, mtaalamu, nikaandika select disk 0, halafu clean. List disk, amri ya kuonyesha diski zilizopo, ya nini, wakati kila mtu anajua Disk 0 ndiyo ya Windows? Siku ile Disk 0 ilikuwa ya harusi.

Na hata hapo nilikuwa sijazama. Clean inaondoa jedwali la patisheni tu, yaani ramani ya diski ilivyogawanywa. Picha zilikuwa zimelala palepale, na programu ya TestDisk ingeweza kulirudisha jedwali. Ila sikujua nimekosea. Nikafomati, nikamwaga Windows juu yake. Setapu iliniandikia wazi, GB 931, yaani ile ya tera moja. Macho yaliona, akili ilikuwa kwenye chai. Ilipowaka nikajisifu.

Mwenyewe akaja, akafungua D, akakuta mabaki ya Windows iliyokwama. "Fundi, harusi zangu ziko wapi?" Nikamwambia zinajipanga. Mungu anisamehe.

Nilikesha siku nne na PhotoRec, programu ya kufufua mafaili. Inaokoa picha lakini majina hairudishi, kwa hiyo nilibaki na maelfu ya mafaili ya f na tarakimu, maharusi wamechanganyika, nikiwatenganisha kwa rangi za sare za kamati. Zilizokaliwa na Windows hazikurudi. Malipo sikudai, na chai ile siku hizi siinywi nikiwa na mashine ya mtu mezani.

5. BitLocker, kufuli la Windows kwenye diski: uliza ufunguo wake wa tarakimu 48 mteja akiwa bado mbele yako.

6. Windows iliyokamilika ila haibuti, bcdboot, amri ya kuandika upya mafaili ya kubuti, mara nyingi inaimaliza kwa mstari mmoja.

7. Buti Ubuntu (mfumo mwingine usiotegemea Windows) kwenye flashi, nakili data, ndipo ufanye fujo zako. Ndivyo tulivyofanya na ile ya juzi. Ndani ya Windows.old, folda ambamo setapu huhifadhi Windows ya awali, tukakuta folda imeandikwa TASNIFU MWISHO KABISA 3. Dogo akaitazama, akanyamaza, akatoka kwenda kuangalia luku yetu imebaki uniti ngapi.